Mahari Subiri Kidogo, Nasoma Maji!

Mwezi uliopita nilikuwa Njombe, kwenye baridi lile la kutaka chai kila saa. Binti wa dada yangu akanifungukia: "Mama mdogo, nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili, mambo ya maji, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mchumba wangu hataki hata kusikia."

Mchumba mwenyewe ana duka Makambako, kilomita kama 60 hivi. Tukamfuata. "Maji si unafungua bomba tu?" akasema jamaa. "Ataajiriwa wapi?"

Nikamwuliza: Ruhuji, mto unaopita Njombe mjini, unakwenda wapi? Kimya. Binti akajibu: unaingia Kilombero, halafu Rufiji, kwenye bwawa la umeme la Julius Nyerere. Ruhuhu, wa mkoa huohuo, unamwaga Ziwa Nyasa. Sasa nani apime maji hayo, ajue yakigawiwa mkulima, mji na umeme yatatosha? Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi miaka ya 1990, na hilo bomba halilitatui.

Kazi zenyewe? Nchi ina mabonde 9 ya maji, na kila bonde lina ofisi yake: la Rufiji iko Iringa, la Nyasa iko Tukuyu. Kuna mamlaka za maji mijini, na RUWASA kwa vijijini tangu 2019. Anayependa samaki kuna TAFIRI, yenye kituo Kyela. Wapo pia wanaofanya tathmini za mazingira, na wanaofundisha vyuoni. Sikuwadanganya, ajira hazimwagiki kama masika. Anayejua kupima mto kwa mikono yake ndiye anayetangulia.

Jamaa akakoroga chai weee, mwisho akasema: "Mama, mimi naogopa akienda Dar atanisahau."

Kumbe! Shida haikuwa maji hata kidogo.

Dada yangu, kabla hujabishana kuhusu chuo, uliza mwenzio anaogopa nini. Nawe kaka, hofu yako iseme kwa jina lake, usiivalishe koti la ushauri. Mwanamke aliyeacha shule kwa ajili yako atakukumbusha kila mkigombana.

Wale wawili wamekubaliana: mshenga aje sasa, harusi baada ya masomo. Binti anafungasha. Jamaa kaahidi kumsindikiza hadi stendi.

Tukutane mwezi ujao!