Injini ya 504 haitaki haraka

Kuna ushauri umezidi huku kwetu: 504 ya mzee ikianza tu kutoa moshi, vijana wanasema, "Toa hiyo injini, weka ya Kijapani." Mimi napinga.

Peugeot 504 ilitoka 1968, na baadaye ikawa inaunganishwa hapa hapa Kenya. Injini yake ya petroli ina silinda nne, na kila silinda ina slivu inayotoka. Maana yake, slivu na pistoni zikilika unaweka seti mpya bila kuchonga bloku. Hii gari iliundwa itengenezeke.

Shida huanza wakati wa kuifunga. Kila konrodi ina kifuniko chake. Ukichukua kifuniko cha namba mbili ukafunge kwa konrodi ya namba tatu, tundu la beringi halikai mviringo sawa tena. Mianya ya ringi nayo isikae mstari mmoja, la sivyo kompresheni inavuja. Bolti zinakazwa kwa spana ya kipimo, si kwa hasira. Na kila pistoni ikiingia, fundi makini anazungusha krenki kwa mkono. Ikishika, anafungua tena.

Kazi kama hiyo inataka siku zake. Sisi nasi tunampigia fundi simu kila saa, "Bado?", kisha tunalilia bei. Injini ikianza kugonga baada ya mwezi, tunasema 504 imezeeka. Aah, wapi! Ni haraka yetu.

Najua mtaniambia spea ni ngumu kupata. Ni kweli, na kama gari ndiyo inakulisha kila siku, sitakulaumu ukibadilisha injini. Lakini tukizitoa zote, ujuzi nao unaenda. Wazee wengi wanaojua hizi injini walijifunzia garajini, hawana karatasi. NITA hupima mafundi kwa mtihani wa kazi yenyewe, kwa hivyo mzee anaweza kupata cheti bila kuanza shule upya. Nani kati yetu amewahi kumsaidia hata kujaza fomu?

Kijana wa garaji, simu unayo. Mrekodi mzee akipanga ringi, na umuulize kwa nini anafanya hivyo. Na wewe mwenye gari, mpe fundi siku zake, kisha umlipe vizuri.

Soin na Sigowet, nani bado ana 504 kwa boma? Inawaka?