SIRI YA MGONJWA NI SEHEMU YA DAWA

Waswahili walinena, "Siri ya mtungi aijuaye ni kata." Katika zahanati, mgonjwa ndiye mtungi na mhudumu ndiye kata. Lakini siku hizi kata ni nyingi: kuna daftari, kuna tarakilishi, kuna simu ya mkononi. Je, wasomaji wapenzi, siri ya mgonjwa italindwa na nani?

Sisi wa Kiandutu twaijua aibu ya ugonjwa. Jina lenyewe la mtaa wetu latokana na neno la Kikuyu "ndutu", yaani funza. Isitoshe, nyumba zetu za mabati zimebanana; jirani akikohoa usiku, ploti nzima husikia. Mtu wa hapa hana pahali pengi pa kuweka siri yake. Basi zahanati na iwe pahali hapo.

Mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, wakapewa vifaa pamoja na simu za kunakili habari za kila nyumba. Mimi siupingi mpango huo hata kidogo. Mama mjamzito hufikiwa mlangoni pake. Hata hivyo, mhamasishaji ni jirani yetu. Simu yake ikiachwa mezani bila neno la siri, yaliyomo yamekuwa ya ploti nzima. Mwizi wa habari si lazima awe bingwa wa tarakilishi aliye ng'ambo. Aweza kuwa yule mliyeketi naye kwenye foleni, anayesoma daftari lililoachwa wazi.

Wako watakaosema, "Ah, mtu mwema ana siri gani?" Nawapinga. Mnamo Februari 2015, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza ikusanywe orodha ya wanafunzi wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Nia iliyotajwa ilikuwa njema. Lakini watetezi wa haki walienda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilivunja Katiba. Hebu fikiria, mwenzangu, jina lako liwe kwenye orodha kama hiyo, nayo ipite mkono hadi mkono. Ungerudi kuchukua dawa?

Hapo ndipo penye hoja yangu. Ni kweli kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani atayafichua kwa mtu atakayeyatangaza? Kijana akiitwa mbele ya watu, "Wewe wa kifua kikuu, njoo!", wiki ijayo haonekani. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi sita bila kukatiza. Akiziacha, ugonjwa waweza kuwa sugu, kisha uambukize hata yule aliyemcheka.

Sheria tunazo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 hulinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti, tena humpa mwenyewe haki ya kuuliza zachukuliwa kwa nini, kuziona, na kutaka zisahihishwe. Akidhulumiwa, aweza kulalamika kwa Kamishna wa Data.

Kilichobaki ni vitendo. Wagonjwa waitwe kwa nambari. Daftari lifungiwe kabatini, wala picha zake zisitumwe WhatsApp. Kila mhudumu awe na neno lake la siri, asimwazime mwenzake. Nasi wanafunzi tuwaelimishe wazazi wetu wasimtajie nambari ya kitambulisho kila anayepiga simu akidai ni wa bima ya afya.

Mambo haya hayahitaji mamilioni. Yahitaji kufuli, pazia na ulimi uliotulia. Tusiambiwe kuwa faragha ni ya matajiri wa hospitali kubwa. Mgonjwa wa Kiandutu pia ni mtu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu