AFYA NYUMBANI: Nyonga Inayolia Isikatwe kwa Haraka

Wako watu ambao kila wainukapo kitini au wapandapo ngazi, nyonga yao hutoa mlio unaosikika hata na aliye karibu. Mlio huo usipofuatana na maumivu, kwa kawaida hauhitaji tiba. Ukifuatana na maumivu, yafaa sababu yake itafutwe.

Mara nyingi chanzo huwa ni kano. Kano ya msuli unaoinua paja hupita mbele ya nyonga, juu ya kichwa cha mfupa wa paja. Mguu uliokunjwa unaponyooshwa, kano hiyo huruka juu ya mfupa kama kamba iliyokazwa juu ya gogo, nayo hulia. Mapumziko na mazoezi ya kunyoosha misuli huwatosha wengi. Wasiopata nafuu huweza kupasuliwa kwa matundu madogo: kamera nyembamba hupenyezwa, na kano hukatwa kiasi ili ilegee.

Lakini wapo waliokua na kikombe cha nyonga kisicho na kina cha kutosha. Kwao kichwa cha mfupa hakikufunikwa vyema, na kano ile ile inayolia ndiyo mlinzi akizuiaye kisisukumike mbele. Mlinzi huyo akiondolewa, mlio huweza kukoma, lakini nyonga ikalegea na maumivu yakazidi.

Kwa hiyo picha ya eksirei na itangulie kisu. Daktari hupima pembe ionyeshayo jinsi ukingo wa kikombe unavyokifunika kichwa cha mfupa, kipimo kilichoelezwa na Wiberg wa Swidi mwaka 1939. Zaidi ya nyuzi 25 kikombe huhesabiwa kuwa cha kawaida. Chini ya 20 ni kifupi. Kati ya hizo mgonjwa yuko mpakani, na uangalifu mkubwa wahitajiwa.

Kikombe kikiwa kifupi kweli, huenda kikahitaji kurekebishwa chenyewe. Tangu mwaka 1984, kwa njia iliyoanzishwa na Reinhold Ganz mjini Bern, Uswisi, mfupa hukatwa kukizunguka kikombe, kikageuzwa na kukazwa kwa skrubu. Hiyo ni operesheni kubwa, nayo humtaka mgonjwa atembee kwa magongo kwa majuma kadhaa.

Basi aambiwaye kwamba kano yake itakatwa, asione haya kuuliza kwanza: kikombe kimepimwa?