Mashariki Mbili

Mtoto wa Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, akirudi shuleni na kusema mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, wako wazazi humnyamazisha wakidhani kauli hiyo yaipinga Qur'ani. Tunawasihi wasifanye haraka. Surat Ar-Rahman, aya ya 17, yataja mashariki mbili, na wafasiri wengi wa kale walizifahamu kuwa macheo ya kipupwe na ya kiangazi. Dunia ikilizunguka jua, mwinamo huo ndio usogezao macheo. Kwetu jua hupita utosini takriban tarehe 20 Oktoba, korosho zikiokotwa, na mvua hulifuata, hurejea Februari. Baada ya Alfajiri, mzazi na atoke na mwanawe: Juni jua lachomoza kaskazini zaidi, Desemba kusini.