AMRI YA MWAKA 1973 NA SHAMBA LA MTINKO



Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alifundisha ya kwamba watu wasilazimishwe kuingia katika vijiji vya ujamaa. Lakini Novemba 1973 alitangaza ya kuwa kukaa vijijini ni amri, na kazi ile itimie kabla ya kwisha mwaka 1976.

Twaisifu nia yake, maana alitaka shule, maji na dawa viwafikie watu waliotawanyika. Walakini sisi wa Mtinko twajua ya kuwa Mnyaturu hulima karibu na zizi lake, kwa kuwa samadi ndiyo rutuba ya uwele na mtama. Kuipeleka nyumba mbali ni kumtenga na shamba alilolitunza miaka mingi. Ukame nao ukazidisha shida, hata mwaka 1974 na 1975 nchi ikanunua nafaka nyingi ng'ambo.

Ndugu makarani, hesabu za kaya zilizohama ziliandikwa na watu wa kazi kama yetu. Basi twanena: aandikaye hesabu za kilimo na aandike pia neno la mkulima, hata lisipompendeza mkubwa. Karatasi isiyosema kweli haimfai mtawala wala mkulima.