Mzee Saïo alikufa bila kuulizwa: tuwarekodi wazee wa vita na wauguzi wao

Katika avenyu nilimokulia, komini ya Kadutu mjini Bukavu, kulikuwa na mzee mmoja ambaye watoto wote tulimwita Mzee Saïo. Kila asubuhi alikaa mbele ya parsele yake akivaa koti la kaki, hata wakati wa jua kali. Sisi tulifikiri Saïo ni jina la kijiji chake, pengine huko Maniema. Alifariki nikiwa bado shule ya msingi.

Miaka zaidi ya kumi baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilikuta jina lile ndani ya kitabu cha historia. Saïo ni mji wa Ethiopia, nchi ambayo wakati ule iliitwa Abisinia. Ni pale ambapo tarehe 3 Julai 1941, jenerali Pietro Gazzera wa Italia alijisalimisha pamoja na maelfu ya askari wake mbele ya Force Publique, jeshi la Congo ya wakoloni lililoongozwa na jenerali Auguste Gilliaert. Askari wa Congo walikuwa wamepita Sudan, wakateka Asosa na Gambela mwezi wa tatu mwaka ule, kisha wakangojea miezi mingi katika mvua, chakula kikiwa haba na magonjwa yakiwamaliza wenzao.

Kumbe nilikuwa napita mbele ya shahidi wa mambo hayo kila siku nikienda kuchota maji. Sikumwuliza hata neno moja. Baba zetu nao hawakumwuliza. Alizikwa, na kile alichokiona kikazikwa pamoja naye.

Ninaandika leo kwa sababu kosa lile tunaendelea kulifanya, na muda unatuishia.

Tuanze na hesabu ndogo. Tarehe 8 Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvisha nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyefika hadi Birmania wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vyombo vya habari vilimtaja kuwa wa mwisho kati ya wale wa vita vile. Ikiwa jeshi lililohesabu watu 40,000 hivi wakati wa vita limebaki na mzee mmoja wa kusimulia, basi ule mlango umekwisha kufungwa. Hatuwezi tena kuufungua.

Lakini milango mingine ingali wazi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa uasi wa Simba mwaka 1964 sasa amepita miaka 80. Aliyekuwa na miaka 20 huko Kolwezi mwaka 1978 anakaribia 70. Waliokuwa kambini mwaka 1996 na 1998 wengine wamestaafu, wengine wamekatwa miguu, wengine wanauza makala sokoni. Hao wote wako kati yetu, katika karitie zetu, Bukavu, Uvira, Goma, Beni, Kalemie na Bunia. Hao ndio akina Mzee Saïo wa watoto wetu.

Na nyuma ya kila askari aliyerudi mzima kuna mtu ambaye tunamsahau haraka zaidi: muuguzi, au infirmie kama tunavyosema hapa kwetu. Ni nani anayekumbuka kwamba Congo ilipeleka hospitali nzima ya vita hadi Birmania? Ilikuwa na Wacongo 350 hivi na wazungu 20 hivi, na ilitumika pamoja na jeshi la Uingereza hadi mwaka 1945. Vijana waliotoka kwenye misitu na vilima vya nchi yetu walibeba machela, wakaosha vidonda, wakachemsha vyombo vya upasuaji, mbali sana na kwao. Vitabu vinataja majina ya maofisa. Wale 350 tunawajua kwa hesabu tu.

Jambo hilo si dogo kwa historia ya afya yetu. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, hakukuwa hata daktari mmoja Mcongo mwenye diploma ya udaktari ya chuo kikuu. Wazungu walipoondoka, mzigo wa hospitali ulianguka juu ya infirmie na wasaidizi wa daktari. Walifanyaje kazi ile? Ni nani aliyewafundisha kushona kidonda bila dawa ya usingizi ya kutosha? Majibu yako ndani ya vichwa vya watu, hayako ndani ya makaratasi.

Siku moja nilizungumza na mama mmoja aliyefanya kazi ya uuguzi katika jeshi zaidi ya miaka 20. Nilitayarisha maswali juu ya mapigano. Yeye akaanza na maji. Aliniambia kwamba majeruhi akipoteza damu nyingi anasahau Kilingala cha kambini na Kifaransa cha shule, anarudia lugha ya mama yake. Usiku wanalia katika Kitetela, katika Kitshiluba, katika Kinande, katika lugha ambazo hujawahi kusikia. Basi alijifunza neno “maji” katika lugha za watu wote waliolala kwenye vitanda vyake, ili ajue nani anaomba nini. “Mwanangu,” alisema, “hakuna aliyeniandikia hilo kwenye karatasi ya kazi.” Hakuna ripoti ya komanda yeyote itakayotuambia kitu kama hicho. Ni yeye tu.

Wako watakaosema: kwa nini kupoteza muda juu ya wazee wakati watu wanakimbia vita leo? Ninaelewa. Familia inayolala chini ya turubai haiulizi habari za Birmania. Lakini vita vya leo ndivyo vinavyoharibu kumbukumbu za jana. Mtu akikimbia anachukua watoto, sufuria na godoro. Kitabu cha askari, foto ya kambini, barua ya kustaafu, vinabaki nyumbani na kuchomwa au kuibiwa. Wakaaji wa Goma wanajua pia kwamba si bunduki tu: lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika sehemu kubwa ya mji pamoja na makaratasi ya watu. Katika eneo kama letu, sauti iliyorekodiwa na kutunzwa mahali pawili ina usalama kuliko sanduku chini ya kitanda.

Tena kuna jambo la haki. Mjane anayefuatilia malipo ya mume wake anaulizwa: alitumika wapi, chini ya nani, mwaka gani? Mara nyingi hajui, kwani mzee hakusimulia na hakuna aliyeandika. Simulizi peke yake halitoshi kuwa cheti, lakini linaonyesha njia ya kutafutia cheti.

Wengine watasema neno lililo zito zaidi: askari wetu hawakuwa wote malaika. Ni kweli, na wakaaji wa mashariki hawahitaji kufundishwa hilo. Force Publique yenyewe iliundwa kwa kumtumikisha mzalendo kwa nguvu, na vita vyake vilibebwa na migongo ya watu wasiotaka. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ili kufika Tabora iliyotekwa tarehe 19 Septemba 1916, wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi zaidi ya 200,000 walitumikishwa, wengi wao wakitoka upande huu wetu. Wengi hawakurudi. Kurekodi wazee haina maana ya kuwaimbia sifa. Ina maana ya kuuliza: uliona nini, ulifanya nini, ulifanyiwa nini, na ni nini unachojuta? Nchi yetu imekwisha kukubali kwamba kumbukumbu za wahanga zina thamani, kwa sheria ya mwezi wa 12 mwaka 2022 na kwa siku ya 2 Agosti tunayoita Genocost. Ushuhuda wa aliyeshika bunduki na wa aliyefunga kidonda hauondoi ule wa mhanga. Mara nyingine unauthibitisha.

Basi tufanye nini? Nchini Marekani, bunge lilianzisha mwaka 2000 mradi wa kukusanya simulizi za waliotumika jeshini, wauguzi wakiwemo, na kuzitunza katika maktaba kubwa ya taifa. Kinachonivutia si pesa zao. Ni kwamba kazi inafanywa na raia wa kawaida: mjukuu, mwalimu, jirani. Wanachoombwa ni mazungumzo ya dakika 30 au zaidi, yaliyorekodiwa vizuri. Dakika 30! Simu iliyo mfukoni mwako inaweza kufanya hiyo leo jioni.

Kwa familia, ninashauri hivi. Mwombe mzee ruhusa kwanza, na mweleze sauti yake itakwenda wapi. Mwache aseme katika lugha ya moyo wake, Kiswahili, Mashi, Kihunde, Kibembe, yoyote ile, tafsiri itafuata. Anza na mambo madogo: alilala wapi, alikula nini, rafiki yake alikuwa nani. Taja mwanzoni jina lake, tarehe na mahali. Piga foto za makaratasi yake, mbele na nyuma. Kama anachoka, simama na urudi kesho. Kama analia, weka simu chini. Uko pale kama mtoto wake kabla ya kuwa mwandishi.

Kwa wauguzi kuna sharti moja zaidi: siri ya mgonjwa inabaki siri. Muuguzi anaweza kusimulia kazi yake bila kutaja majina ya wale aliowatunza. Na kwa usalama wa wote, mambo ya mapigano ya sasa, makambi na watu walio kazini yasiingie ndani ya simulizi, wala sauti isitupwe kwenye makundi ya WhatsApp. Kumbukumbu inayomletea mzee hatari haifai kitu.

Kwa vyuo vikuu na taasisi za ualimu za Bukavu, Goma na kwingineko, ombi ni rahisi. Kila mwaka wanafunzi wa historia, uandishi wa habari na uuguzi wanatafuta somo la TFC, na wengi wanarudia yale yale. Kila mmoja angerekodi wazee watatu tu, na maktaba ikatunza sauti zile pamoja na kitabu, katika miaka mitano tungekuwa na hazina ambayo hakuna Tervuren wala Brussels itakayotuuzia.

Na kwa serkali: wizara yetu inaitwa ya ulinzi wa taifa na wapiganaji wa zamani. Sehemu ya pili ya jina hilo haiwezi kuwa nishani siku ya sikukuu tu. Mahali pa kutunza sauti hizi, na orodha ya majina ya wauguzi waliotumika, si mambo ya bei ya ndege za kivita.

Sijui Mzee Saïo alikuwa na cheo gani. Sijui kama alishika bunduki au alibeba machela. Mara moja tu ninamkumbuka akisema kitu kinachohusu mambo hayo. Mvua kubwa ilinyesha, watoto tukajificha chini ya paa lake, naye akatazama maji yanavyoteremka na kusema: “Hii si mvua.” Tulicheka, tukafikiri amezeeka. Sasa najua alikuwa analinganisha na mvua ya wapi.

Msomaji, katika avenyu yako yuko mzee ambaye maneno yake yanawachekesha watoto. Iko pia nyumba ya mama ambaye watu bado wanamwita infirmie. Jumapili hii, nenda umsalimie, na ubebe simu yenye chaji.