Mtoto mwenye akili nyingi apimwe kwanza, asichapwe

Mwaka jana mama mmoja kutoka vijiji vya Muleba aliniletea mtoto wake wa kiume, umri miaka tisa. Nikamuuliza mtoto anaumwa nini. "Haumwi, dokta. Shuleni wanasema ana mashetani."

Kosa la kijana huyu ni kwamba akipewa hesabu kumi anazimaliza wenzake wakiwa kwenye ya tatu, kisha anaanza kuwasumbua. Anauliza maswali yasiyokwisha, na mwalimu akikosea ubaoni anamsahihisha mbele ya darasa. Kwa hilo amechapwa. Ikifika mchana anasinzia dawatini, na kwa hilo pia amechapwa. Mama alikuwa ameshauza kahawa yake kumlipa mganga amfukize.

Nilimpima. Alikuwa na vimelea vya malaria na damu yake ilikuwa imepungua, ingawa hakuwa na homa na alikuwa anakula na kucheza. Kwa Muleba hilo si jambo la ajabu. Katika utafiti wa vyandarua ulioanza wilayani humo mwaka 2014, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, zaidi ya watoto 40 katika kila 100 wa vijiji vilivyopewa vyandarua vya kawaida walikutwa na vimelea. Hao si wagonjwa waliopanga foleni zahanati, ni watoto waliochaguliwa vijijini. Ongeza minyoo ya safura, na kwa watoto wa mwaloni ongeza kichocho wanachokipata wakichota maji na kuogelea ziwani. Mtoto anaweza kulizidi akili darasa zima na bado asinzie, maana ubongo hupata hewa ya oksijeni kupitia damu, na damu yenyewe haitoshi.

Sasa niseme maoni yangu. Sisi wazazi, walimu na masheikh tunakitambua kipaji pale tu kinapotii. Mtoto anayehifadhi juzuu haraka na kunyamaza tunamsifu msikitini. Anayeuliza "kwa nini" mara ya nne tunamwita mjeuri. Nimesoma madrasa hapa Bukoba na nimeyaona haya kwa macho: baadhi ya walioikimbia walikuwa na vichwa vyepesi kuliko sisi tuliomaliza.

Mwalimu mwenye watoto tisini chumba kimoja ana udhuru wake, lakini kumpa aliyemaliza mapema hesabu ngumu zaidi kunahitaji chaki ile ile. Wengine watasema asubiri shule za vipaji maalumu. Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Msalato zinapokea mtoto aliyekwisha maliza shule ya msingi. Huyu ana miaka tisa. Atasubiri huku anachapwa?

Wapo pia wazazi wanaokosea upande wa pili. Akigundua mwanawe ana akili, basi hakuna kupumzika tena: alfajiri madrasa, mchana shule, jioni tuisheni, usiku anasomeshwa mpaka saa tano. Mtoto wa umri huu anahitaji kulala saa tisa au zaidi. Imam Ghazali katika Ihyaa alishausia kwamba mtoto akitoka chuoni aachwe acheze, kwani kumnyima mchezo na kumlemea kwa masomo kunaua moyo wake na kufifisha akili yake. Sisi watu wa Muleba tuna na kisa chetu wenyewe. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Wakafikia 95 kati ya wanafunzi 159, na Machi 18 shule ikafungwa. Madaktari hawakupata sumu wala vijidudu, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeshikwa. Wapo waliokichambua kisa hicho baadaye wakasema chanzo ni msongo wa mawazo.

Kwa hiyo mzazi, mtoto wako akiitwa mtundu au mzito, anza zahanati: apimwe malaria, damu, choo, macho na masikio. Alale ndani ya chandarua. Ndizi peke yake hazitoshi, weka maharage, dagaa na mboga za majani, na chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula kwani inazuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Yule kijana alitibiwa. Mama yake alikwenda kwa mwalimu wa hesabu, wakazungumza bila ugomvi, na sasa akimaliza kazi yake hupewa kitabu cha darasa la mbele. Aliporudi kupimwa damu ilikuwa imepanda. Maswali hayajapungua. Aliniuliza kama dagaa wanaongeza damu, mbona wao si wekundu. Nilimjibu nilichokijua, na foleni nje ikasubiri kidogo.